Kaka yake bibi aliyepandia meli Mombasa: namna ya kumtafuta askari wa Keya aliyekufa vitani

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Mbagala. Bibi yangu mzaa mama, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na kaka yake aliyeingia Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki (King's African Rifles), wakati wa vita vya Wajapani. Kwao ni Utete, Rufiji. Bibi alikuwa akisema: "Kaka yangu alikuwa wa mizinga. Alikuja kwenye harusi yangu Mfungo Mosi, akarudi kazini, akapandia meli Mombasa. Ramadhani iliyofuata tukaletewa habari, na mimi nina mimba ya mtoto wangu wa kwanza." Mtoto huyo ni mama yangu mkubwa, na kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1944, mwishoni mwa mwaka. Wajomba wengine wanasema babu huyo alifia Bama porini, wengine wanasema hakufika, alifia baharini. Tuna kisanduku chenye nyota ya shaba, medali ya duara yenye picha ya simba, picha moja ya studio, na karatasi iliyoliwa na mchwa iliyobaki na nusu ya jina, tarakimu chache na herufi E.A.A. Tunataka kujua alifia wapi, kama ana kaburi, na tumsomee khitma tarehe gani. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na bibi. Umeuliza maswali matatu, na yote yanasubiri jambo moja: lini. Ukishapata tarehe, hata ya kukadiria, mahali alipofia patajionyesha, na kaburi au jina lililochongwa litafuata. Kwa hiyo nitaiacha intaneti kando kwanza, niache na medali, nianze na maneno ya bibi. Tarehe imo humo.

Wengi wakiwa na habari kama hizi huzipuuza, wakisema bibi hakusoma, hakujua mwaka. Bibi hakuhesabu kwa Januari na Februari. Alihesabu kwa Ramadhani na Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na miezi hiyo inageuzwa kuwa tarehe za kizungu bila taabu, tofauti ikiwa siku moja au mbili kwa sababu ya mwandamo wa mwezi. Mama mkubwa alizaliwa mwishoni mwa 1944, na habari ya msiba ilifika Ramadhani bibi akiwa mjamzito. Ramadhani ya mwaka huo, yaani 1363 Hijria, ilianza kama tarehe 20 Agosti 1944. Mfungo Mosi uliotangulia, wa harusi, ulianza karibu na tarehe 1 Oktoba 1943. Basi babu yenu alionekana Utete akiwa hai mwezi wa Oktoba 1943, na kabla ya katikati ya Septemba 1944 habari ya kifo chake ilikuwa imekwisha fika nyumbani. Kutoka vita nzima ya miaka sita tumebakiwa na miezi kumi na moja, na hatujafungua jalada lolote.

Kitu kimoja tu kinaweza kuivuruga hesabu hii. Miaka ya kuzaliwa kwenye vitambulisho vya wazee wetu mara nyingi ilikadiriwa. Kama mama mkubwa alizaliwa mwishoni mwa 1945, Ramadhani inayohusika ni ile iliyoanza kama tarehe 9 Agosti 1945, siku chache kabla ya Japani kusalimu amri tarehe 15 Agosti. Kuna swali la kuamua, kamuulize mzee yeyote aliyebaki Utete au aliyesimuliwa na waliokuwepo: habari ya msiba ilipofika, vita vilikuwa vimekwisha au bado? Msiba ulioingia wakati watu wanashangilia mwisho wa vita hausahauliki. Kama hakuna anayeukumbuka hivyo, shikilia 1944.

Sasa tazama askari wa Afrika Mashariki walikuwa wapi katika miezi hiyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kujifunza vita vya msituni. Ndani yake mlikuwa na batalioni za Keya kutoka Nyasaland, Kenya, Uganda na Tanganyika. Za kwetu zilitokana na batalioni ya 6, na tarakimu hiyo ilibaki katika namba zao: 26 na 36. Divisheni hiyo haikuingia Bama, nchi inayoitwa Myanmar sasa, hadi katikati ya 1944, ikipitia mpakani Tamu wakati wa masika makali. Wakashuka bonde la Kabaw kwa miguu katika tope na malaria, wakipigana na Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma, na Desemba wakauvuka mto Chindwin. Wengi wa vijana wetu waliofia Bama katika safari hiyo walikufa kuanzia Agosti hadi Desemba.

Linganisha na Ramadhani ya bibi. Askari afe katika bonde la Kabaw mwezi wa Agosti, taarifa itoke kikosini, ipite makao makuu ng'ambo ya bahari, ije Afrika Mashariki, ishuke hadi boma la Utete, ikabidhiwe kwa jumbe, ifike mlangoni kabla ya Idi! Siwezi kuapa kwamba haiwezekani. Lakini naiona ngumu, na ndiyo sababu wajomba wanaosema "baharini" wananivuta zaidi.

Bibi alisema mizinga. Neno hilo moja likiwekwa pamoja na Mombasa, na mwanzo wa 1944, linaelekeza kwenye msiba ambao Tanzania hatuuzungumzi inavyostahili. Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka Kilindini, bandari ya Mombasa, kwenda Colombo, Ceylon. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa na watu 1,511, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa na askari 996, wengi wao vijana wa Kiafrika kutoka nchi zetu hizi. Walikuwemo pia mabaharia, wanajeshi wa majini na wauguzi wanawake zaidi ya hamsini. Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, wakiwa karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa torpido mbili. Ilizama katika muda usiozidi dakika tatu. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi.

Kilichofuata ni kizito, na ninakiandika kwa sababu ukianza kutafuta utakikuta, na ni afadhali ukisome hapa kwanza. Nyambizi ilijificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari mbili za Kiingereza, Paladin na Petard, zilipaswa kuchagua kati ya kuwaokoa watu na kuizuia nyambizi isiipige meli nyingine ya msafara. Ziliangusha mabomu ya kulipuka majini wakati watu wangali wanaogelea. Mwishowe nyambizi ilizamishwa. Kati ya wale 1,511, waliotoka hai ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297. Kwa meli za kubeba askari wa upande wa Uingereza na washirika wake, huu ni mmoja wa misiba mikubwa kabisa ya vita ile. Wakati wa vita habari za meli zilizozama hazikutangazwa ovyo, na familia zilisubiri miezi kabla ya kuambiwa lolote. Kifo cha Februari kuja kujulikana Utete mwezi wa Agosti kinakaa vizuri na hali hiyo.

Hadi hapa nimekupa dhana yenye nguvu, na ninakuomba uishike kama dhana. Karatasi yenu inaweza kuitia nguvu zaidi, na inaweza pia kuivunja. Herufi E.A.A. zikiwa peke yake ndizo za kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Lakini mchwa wamekula pembeni, na kulikuwa na vikosi vingine vilivyoanza na herufi hizo hizo tatu: E.A.A.S.C. walikuwa watu wa usafirishaji, madereva wa malori na wagavi, na E.A.A.M.C. walikuwa wa tiba, wauguzi na wabeba machela. Itazame karatasi kwenye mwanga wa jua wa asubuhi, ukiilaza mlalo ili mwanga upite juu yake. Alama ya kalamu au ya mashine ya chapa mara nyingi hubaki kama bonde dogo hata wino ukiwa umefutika. Angalia kama baada ya A ya pili kuna nukta na nafasi tupu, au kuna mguu wa herufi nyingine. Usiipake mafuta, usiipige pasi, usiibandike kwa selotepu. Ipige picha pande zote mbili kabla ya kuigusa tena.

Picha ya studio itasaidia hapo hapo. Kuza bega kwenye simu. Askari wengi walivaa herufi za kikosi begani, na beji ya kofia hutofautiana: ya Keya ina tarumbeta ya kuwindia yenye kamba. Ukiona tarumbeta, bibi alikuwa akizungumzia kitu kingine aliposema mizinga, na tutarudi kwenye bonde la Kabaw.

Kuhusu nyota na medali, watu huzitazama kwanza na kuzitarajia kupita kiasi, kwa hiyo nitasema machache. Medali za Vita Kuu ya Pili walizopewa askari wetu hazikuandikwa jina, tofauti na za Vita Kuu ya Kwanza ambazo ziliandikwa jina na namba ukingoni. Usihangaike kutafuta jina. Ile ya duara, yenye simba aliyemkanyaga joka la vichwa viwili na upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Sita, ni medali ya jumla ya vita, War Medal 1939-1945. Walipewa karibu wote. Yenye habari ni nyota. Ina ncha sita, na kuzunguka katikati yake jina limeandikwa kwa Kiingereza. Isugue taratibu kwa kitambaa kikavu, bila dawa wala ndimu, usome. Ikiwa ni Africa Star, yaelekea babu yenu alikuwa tayari askari mwaka 1940 au 1941 na alikuwa kwenye vita na Waitaliano huko Somalia au Uhabeshi kabla ya safari hii ya mwisho. Hilo litakuongezea miaka miwili au mitatu ya maisha yake ambayo hakuna aliyekusimulia. Ikiwa ni Burma Star, itabidi tuipime upya dhana ya meli, maana hiyo ilikuwa ya waliotumikia katika eneo la mapigano la Bama.

Baada ya hayo ndipo uingie kwenye intaneti. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917, ina orodha ya majina ya waliokufa katika vita zote mbili, na kuitafuta ni bure. Nasema bure kwa sauti kubwa, kwa sababu wapo wanaozipitia familia za askari wa zamani wakiahidi kufuatilia "fidia ya Mwingereza" kwa ada kidogo. Usimpe mtu pesa, na usimkabidhi mtu karatasi wala nyota yenyewe.

Katika orodha hiyo usianze na jina. Anza na tarehe, 12 Februari 1944, kisha kikosi, East African Artillery. Jina liache lije mwisho. Karani aliyeandika majina ya vijana wetu aliandika alivyosikia, na mara nyingi aliyasikia kwa sikio la kigeni. Athumani utamkuta Asumani, Osman au Asman. Kassimu ameandikwa kwa C. Jina la baba limekuwa la kwanza, au limeachwa. Wengine walijiandikisha kwa jina la utani au jina la babu, na nyumbani hakuna aliyelijua. Nusu ya jina iliyobaki kwenye karatasi yenu ina thamani kubwa kuliko jina kamili analokumbuka mjomba, kwa sababu ndivyo jeshi lilivyomwandika. Tarakimu ndizo za thamani kuliko vyote. Namba ya jeshi ilikuwa ya mtu mmoja, na hata tarakimu tatu za mwisho zinatosha kumtenga Saidi mmoja na Saidi wengine kumi. Angalia pia cheo. Askari wa kawaida wa mizinga aliandikwa Gunner, wa Keya aliandikwa Private. Baadhi ya maingizo yana mstari wa ziada wenye jina la baba, wilaya au kabila. Msije mkamkataa babu yenu kwa sababu ameandikwa kabila la jirani, maana mtu wa Rufiji aliweza kuwekwa kabila lolote lililomjia karani.

Ukimpata, ukurasa wake utakuambia jina lake liko wapi. Waliopotea na Khedive Ismail hawana kaburi, bahari iliwachukua. Majina ya waliopotelea baharini kutoka majeshi ya Afrika Mashariki yamewekwa kwenye Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya basi kupitia Namanga, na ndugu wanaweza kwenda pamoja. Kabla ya kusafiri andika namba ya safu iliyotajwa kwenye ukurasa wake, la sivyo mtazunguka ukutani mchana kutwa. Ikiwa tarehe itaonyesha Agosti hadi Desemba 1944, basi alifia Bama. Wenye kaburi huko wengi wako Taukkyan nje ya Yangon, na wengine Imphal upande wa India. Wasiojulikana walipolala wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon ulio hapo hapo Taukkyan, pamoja na majina mengine yanayokaribia 27,000.

Umeishi Dar, najua utapitia sehemu mbili, kwa hiyo nizieleze. Sanamu ya Askari pale Posta, kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, ni ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918. Ilizinduliwa 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani Wissmann, na inawakumbuka askari na wapagazi kwa ujumla, bila jina la mtu mmoja mmoja. Babu yenu hayumo katika ukumbusho ule. Makaburi ya vita yaliyo barabara ya kwenda Bagamoyo nayo ni ya vita ile ya kwanza kwa sehemu kubwa: zaidi ya 1,700 dhidi ya 41 tu wa vita ya pili. Mamia yalihamishiwa pale mwaka 1968 kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara. Kuna jambo pale linaloniumiza kila ninapolifikiria. Makaburi ya Waafrika na Waasia huko Ocean Road hayakuwa yamewekewa alama moja moja, kwa hiyo mabaki yao yalizikwa upya kwa pamoja, wakati Mzungu aliyekufa wiki ile ile ana jiwe lake. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba baada ya vita ya kwanza watu wasiopungua 116,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nenda ukaone, upeleke na watoto. Ila usitarajie kumkuta babu.

Mahali ambapo Dar itakusaidia kweli ni Upanga, mtaa wa Vijibweni, kwenye Nyaraka za Taifa. Jeshi lilikuwa na karatasi zake, na boma lilikuwa na zake, na za boma ndizo ambazo watu husahau kuziuliza. Askari aliweza kuacha sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa mtu wa nyumbani kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Alipokufa, malimbikizo na mirathi vilipita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo omba majalada ya wilaya ya Rufiji ya miaka ya 1940 yanayohusu askari, malipo ya familia na mirathi ya waliofariki. Unapoyasoma, tafuta pia jina la aliyekuwa akipokea fedha. Huenda askari hatajwi ila kwa namba, na mpokeaji ni mama yake au mjomba wake, jina ambalo mnalijua ninyi tu. Waulize wazee sasa: nani alikuwa akienda boma la Utete kuchukua pesa za Keya? Nenda na kitambulisho chako, na uwaeleze wahudumu kwamba unatafuta ndugu. Jipe siku kadhaa, majalada hayasomwi kwa haraka.

Kumbukumbu za kila siku za vikosi ziko London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, katika mafungu ya WO 169 na WO 172. Nakushauri uziache hadi mwisho. Zitakuonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani, lakini afisa akiuawa aliandikwa jina, na askari wa Kiafrika wakiuawa mara nyingi iliandikwa idadi.

Hapo kuna jambo ninalotaka ulichukulie kwa uzito, mwanangu. Karatasi zote nilizotaja zinajua namna alivyokufa. Hakuna hata moja inayojua kwamba aliomba ruhusa ili awe kwenye harusi ya dada yake. Hilo mnalo ninyi, na linapungua kila mzee anapozikwa. Kwa hiyo kabla hujaenda Upanga, nenda Utete. Kaa na kila upande wa ukoo peke yake, wanaosema Bama na wanaosema baharini, usiwakutanishe kwanza, maana mwenye sauti kubwa atawafuta wengine. Rekodi kwa simu. Usiulize "alifia wapi", hilo wamekwisha kulibishania miaka yote. Uliza alisoma chuo kwa mwalimu gani, na kama alijua kuandika, maana kwenye mizinga walihitajika vijana wa kusoma ramani na kupokea simu. Uliza alifanya kazi gani kabla ya Keya, kama alikuwa shamba, kwenye mashua za mto au bandarini hapa Dar. Alichukuliwa au alikwenda mwenyewe? Alikuwa na mchumba? Siku ya harusi alileta nini, alivaa nini, alilala kwa nani, alisindikizwa na nani hadi wapi? Nani alisoma barua ya kifo kwa sauti? Maswali haya madogo ndiyo huleta majina, na majina ndiyo hufungua majalada. Kwa msomaji wa kumbukumbu mwenye jicho, "aliporudi alisindikizwa na rafiki yake wa kijiji cha pili ambaye naye hakurudi" ni hazina: sasa una watu wawili wa kutafuta kwenye orodha ya siku moja.

Ukitaka kuiona dunia aliyoiacha, soma matoleo ya Mambo Leo ya 1943 na 1944. Gazeti hilo la serikali lilikuwa likitoka kwa Kiswahili tangu 1923, na kurasa zake za wakati wa vita zinaonyesha watu wa kwetu walivyoelezwa vita hivyo.

Kuhusu khitma. Ikiwa itathibitika kwamba alikuwa kwenye meli, tarehe 12 Februari 1944 ilikuwa kama mwezi 17 Mfungo Tano 1363, na mnaweza kuishika hiyo. Lakini dua haingojei uthibitisho wa Nairobi wala London. Bibi alimwombea kaka yake miaka yote hiyo bila tarehe, nanyi endeleeni. Suala la aliyekufa kwa kuzama mpelekeeni shekhe wenu. Atawaeleza yaliyosemwa juu ya daraja la mtu huyo, na nadhani mama mkubwa atafurahi kuyasikia.

Ikitokea umetafuta kwa tarehe, kikosi, namba na kila namna ya jina, na hayumo, usikate tamaa na usimtangaze kwamba hakuwahi kuwa askari. Tume hupokea maombi ya kuongeza majina yaliyosahauliwa. Kwa vita ya pili wanaangalia waliokufa wakiwa jeshini kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, na wanataka ushahidi wa mambo mawili: kwamba alikuwa askari, na kwamba alifariki ndani ya muda huo. Karatasi yenu iliyoliwa na mchwa ni ushahidi wa la kwanza. Jalada la mirathi kutoka boma la Utete, likipatikana, litakuwa ushahidi wa la pili.

Nitumie picha ya karatasi pande zote mbili, bega lake lilivyo kwenye picha ya studio, na maneno yaliyo kwenye nyota. Nikiona herufi zilizofuata baada ya E.A.A., au nikiona nafasi tupu, nitakuambia tuanze na Nairobi au tuanze na Taukkyan.